Maumivu Yanayobaki Baada ya Maradhi Kuondoka

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), hili ni somo fupi juu ya jambo linalowataabisha watu wengi, wala halisemwi sana. Nalo ni maumivu yanayobaki mwilini baada ya ugonjwa wenyewe kwisha. Limegawanywa kwa fasili saba, ili lipate kusomwa kidogo kidogo, darasani au nyumbani.

FASILI YA KWANZA: Sura ya jambo lenyewe

Na achukuliwe mfano wa mkulima wa Usoke, mtu wa tumbaku na mahindi. Aliugua katika maradhi yaliyoenea duniani. Homa ikamtoka, kikohozi kikakatika, akahesabiwa kuwa mzima. Miezi sita ikapita, naye bado viungo vinamuuma, mgongo unawaka, na usingizi haumkai. Akienda zahanati hupimwa damu, akaambiwa hana kitu. Akirudi nyumbani huulizwa: Ikiwa huna kitu, mbona hulimi?

Hapo hufunguka mbele yake milango mitatu, nayo yote ni mibaya. Wa kwanza ni kuitwa mvivu. Wa pili ni kuambiwa kuwa imani yake dhaifu, kwani lau angekuwa na subira asingelalamika. Wa tatu ni kupelekwa kwa mpiga ramli, naye amtajie jirani, au shangazi, au bibi kizee wa nyumba ya tatu, kuwa ndiye aliyemfunga viungo.

Mlango huu wa tatu ndio wenye hatari kubwa. Mikoa ya magharibi na ya ziwa, Tabora na Shinyanga ikiwamo, imeona vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi chanzo ni maradhi ambayo watu hawakujua asili yake. Basi mtu asidhani kuwa kujua asili ya maumivu ni elimu ya anasa. Ujinga wake umekwisha kumwaga damu ya wasio na hatia.

Neno la somo hili ni moja: Maumivu yaliyobaki ni ya kweli, ijapokuwa jeraha halionekani, na subira inayotakiwa kwa mwenye kuumwa ni kazi yenye mpango, si kunyamaza tu.

FASILI YA PILI: Maumivu haya si mageni katika nchi hizi

Watu wengine hudhani kuwa jambo hili limeanza na UVIKO-19. Sivyo. Katika mwaka wa 1870 Unguja ilipatwa na ugonjwa ulioitwa kidinga popo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu huko, aliandika khabari zake: homa ya ghafula, na maumivu makali ya viungo yaliyomfanya mtu ashindwe kusimama. Homa ilikwisha kwa siku chache, walakini viungo viliendelea kuuma na kukakamaa muda mrefu. Wazee wa Unguja walimwambia kuwa ugonjwa huo uliwahi kuja zamani, nao wakati wao huhesabiwa kuwa mwaka wa 1823.

Christie huyo ndiye aliyetoa kitabu mwaka wa 1876 juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki, akaonyesha jinsi maradhi yalivyosafiri pamoja na misafara ya biashara. Njia iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe, ikakata magharibi hata Ujiji, haikupitisha pembe na nguo peke yake. Ilipitisha na maradhi. Leo njia hiyo imekuwa reli, iliyofika Kigoma mwaka wa 1914, na Usoke ni kituo chake kimoja. Maradhi yapandayo pwani hufika bara pamoja na abiria, kama yalivyofika zamani pamoja na wapagazi.

Mwaka wa 1952 ukazuka ugonjwa katika uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala. Wenyewe waliuita chikungunya, kwa maana ya kitu kinachomkunja mtu, kwa jinsi mgonjwa alivyoinama kwa maumivu. Huenezwa na mbu wanaouma mchana. Wako wataalamu wanaoona kuwa kidinga popo ya Unguja ndiyo hiyo chikungunya, kwa sababu ya viungo vilivyoendelea kuuma. Mwaka wa 2004 ugonjwa huu ulitokea Lamu, na wachunguzi wakakadiria kuwa watu watatu katika kila wanne waliambukizwa. Ukaenda Mombasa, mwaka wa 2005 ukafika Ngazija na visiwa jirani, kisha ukafika kisiwa cha Réunion, ambako watu kama 266,000 waliugua hata mwaka wa 2006, nao ni kama theluthi ya wakazi. Baadaye ukavuka hata Bara Hindi na Marekani. Katika wote walioupata, wengi walipona upesi, lakini wengine walibaki na maumivu ya viungo kwa miezi, na wengine kwa miaka.

Ndipo ikaja UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, huko Arusha. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipa maana hali ya wanaobaki wagonjwa: ni dalili zinazoonekana kama miezi mitatu baada ya maambukizi, zikadumu miezi miwili au zaidi, wala hazina sababu nyingine. Miongoni mwake ni uchovu, kukosa pumzi, fikira kuwa nzito, na maumivu ya viungo, misuli na kichwa. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika hilo lilitangaza mwisho wa hali ya hatari ya dunia. Lakini tangazo ni la dunia; mwili wa mtu mmoja mmoja hausomi matangazo.

FASILI YA TATU: Kwa nini maumivu hubaki

Maumivu ni mlinzi. Mtu akikanyaga mwiba, mishipa ya fahamu hupeleka khabari kwenye uti wa mgongo, na kutoka huko hata ubongoni. Na ubongo ndio unaohukumu kuwa hapa pana maumivu. Lau mlinzi huyu asingekuwapo, mtu angetembea na mwiba hata mguu ukaoza.

Sasa na ifikiriwe kambi ya msafara wa zamani, imezungushiwa boma la miiba. Usiku mmoja simba ameingia akachukua mtu. Usiku wa pili mlinzi hupiga kelele akisikia fisi. Usiku wa tatu hupiga kelele akisikia jani. Simba amekwisha kwenda zake siku nyingi, lakini kambi nzima hailali. Mlinzi huyo hasemi uwongo, kwani hofu yake ni ya kweli na kelele zake ni za kweli. Ila kipimo chake kimeharibika. Hivyo ndivyo inavyokuwa katika baadhi ya maumivu ya muda mrefu. Mishipa na ubongo vimezoea kutangaza hatari, na kitu kidogo, kama kuinama au kunyanyua ndoo, hutangazwa kuwa jambo kubwa.

Si maumivu yote ni ya namna hii. Katika chikungunya viungo vyaweza kuendelea kuvimba, na katika UVIKO-19 madaktari wangali wakichunguza sababu nyingi. Lakini hata penye uvimbe, mlinzi aliyetishika huzidisha maumivu juu ya yale ya asili.

Mwaka wa 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kuwa katika uti wa mgongo pana kama lango: khabari za maumivu zaweza kuzuiliwa kidogo au kupitishwa kwa wingi, na ubongo wenyewe hutuma amri za kufungua na kufunga. Baadhi ya maelezo yao yamesahihishwa baadaye, lakini asili yake imebaki. Hofu, huzuni, kukosa usingizi na upweke hulifungua lango. Utulivu, kazi ya kiasi na moyo ulioshughulishwa na jambo jema hulifunga kidogo.

Dalili za jambo hili ni nyingi. Aliyekatwa mguu huweza kuumwa na vidole vya mguu usiokuwapo. Jambo hilo limejulikana na waganga wa majeraha kwa karne nyingi. Na katika Vita Kuu vya Pili, daktari Henry Beecher aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia, akaandika mwaka wa 1946 kuwa kama robo tatu yao hawakutaka dawa ya kutuliza. Jeraha lilikuwa kubwa, lakini kwa askari maana yake ilikuwa ni kutoka vitani na roho yake. Basi ukubwa wa maumivu haupimwi kwa ukubwa wa jeraha peke yake.

Suali: Je, kusema kuwa ubongo unahusika ni kusema kuwa mgonjwa anajifanya?

Jawabu: Hapana. Maumivu yote, hata ya mwiba, hukamilika ubongoni. Mwenye kusema "haya ni ya kichwani tu" kwa dharau hajui asemalo. Elimu ya leo imeyapa maumivu yanayozidi miezi mitatu hukumu ya ugonjwa wenyewe. Katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, maumivu ya kudumu yamepewa mahali pake.

FASILI YA NNE: Subira ni nini

Tiba ya nafsi kwa ajili ya mwili si jambo lililoletwa jana na watu wa mbali. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka wa 322 wa Hijra, sawa na 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Alifundisha kuwa mwanadamu ameungwa kwa viwili hivyo, na kimoja kikiugua hukitaabisha cha pili. Akashauri kuwa mtu, akiwa katika raha, ajiwekee akiba ya fikira njema, azitumie siku ya dhiki, kama awekavyo dawa sandukuni kabla ya kuugua. Ushauri huo una zaidi ya miaka elfu moja, na matabibu wa leo wanaupita njia ile ile.

Ama subira, wengi wameikosea maana. Hudhani kuwa mwenye subira ni yule asiyesema. Nabii Ayyub (a.s.) alimwambia Mola wake kuwa amepatwa na dhara, na Qur'ani pamoja na hayo imemsifu kuwa ni mwenye kusubiri. Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia mwanawe hata macho yakaingia weupe, naye ndiye aliyetaja subira njema. Bibi Aisha (r.a.) alilalamikia kichwa chake, na Mtume (s.a.w.) hakumkemea, bali alitaja maumivu ya kichwa chake mwenyewe, ndipo Imamu Nawawi akakataa kauli ya waliosema kuwa ni makuruhu mgonjwa kuugulia. Kinachokatazwa ni kumchukia Mwenyezi Mungu kwa hukumu yake; kumwambia mke, au tabibu, au rafiki, "hapa pananiuma", hakumo katika katazo hilo.

Wala kutafuta dawa hakuondoi kumtegemea Mwenyezi Mungu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i kujitibu ni sunna. Basi anayemwambia mgonjwa "vumilia tu" kisha akaondoka, hakumfundisha subira. Amemfungia mlango tu.

FASILI YA TANO: Kazi za mwenye kusubiri

Kazi ya kwanza ni kupima nguvu. Mwenye maumivu, akiamka siku njema, hutaka kulipa deni la wiki nzima. Hulima matuta thelathini kwa siku moja, kisha hulala siku tatu. Akiinuka hufanya vile vile, na kila mzunguko humwacha chini kuliko wa kwanza. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua zaidi. Mzigo ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo thelathini, na safari ya pwani ilikuwa ya miezi. Kirangozi alitangulia, na mwendo wa wote ulimfuata yeye. Msafara ulitoka alfajiri ukapiga kambi kabla jua halijawa kali, wala haukungoja watu waanguke ndipo ukatue.

Na mwenye maumivu awe kirangozi wa mwili wake. Aangalie katika siku mbaya aweza kulima matuta mangapi bila kuzidiwa. Yakiwa kumi, aanze na manane. Afanye manane siku mbaya na manane siku njema, apumzike kwa hesabu, asingoje maumivu yamwamrishe. Akikaa wiki moja salama, aongeze moja. Wilbert Fordyce, mtaalamu wa Seattle katika Marekani, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka wa 1976, alisisitiza jambo hili hili: kazi na mapumziko yafuate hesabu, yasifuate maumivu.

Hapa pana tahadhari. Wako walioachwa na UVIKO-19 katika hali ya kuwa kazi kidogo huwaangusha kesho yake au keshokutwa, wakawa kama walioanza kuugua upya. Hao wasisukumwe kuongeza. Wao wabaki chini ya kiasi chao, na wafuate shauri la tabibu.

Kazi ya pili ni kuyahoji mawazo. Mwenye kuumwa hujiwa na sauti zisemazo: Nimekwisha. Sitalima tena. Watoto wangu watakula nini. Mgongo huu utakatika. Mawazo haya huongeza hofu, na hofu hulifungua lango lililotajwa. Kadhi hakubali shahidi kwa kuwa amesema kwa sauti kubwa; humwuliza alijuaje, na kama wako wengine wanaomsadiki. Vivyo hivyo wazo liulizwe: Jana nilisema mgongo utakatika, je, ulikatika? Nimesema siwezi lolote. Je, asubuhi sikumenya karanga? Kisha mahali pa wazo la uwongo pawekwe la kweli. Si la kujidanganya kuwa hakuna maumivu, bali kama hili: Inauma, imewahi kuuma hivi, ikapungua. Mwenye kujua kuandika na aandike katika daftari. Asiyejua amweleze mtu amwaminiye.

Kazi ya tatu ni kuutuliza mwili. Anayeumwa hukaza mabega, taya na tumbo bila kujua, na mkazo wenyewe huongeza maumivu. Basi akae au alale mahali pa utulivu, mara mbili kwa siku, kwa dakika kumi. Avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi. Akaze ngumi kidogo kisha ailegeze. Vivyo hivyo mikono, mabega, uso na miguu, akiruka kiungo kinachouma sana. Tangu mwaka wa 1979, katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn aliwafundisha watu wenye maumivu ya muda mrefu kukaa kimya, kuangalia pumzi na maumivu yao bila kupigana nayo. Asili ya mazoezi yale ni ya Kibudha, naye aliyafundisha kama tiba bila ya ibada. Mwislamu hana haja ya zaidi ya pumzi na utulivu.

Suali: Je, dhikri yatosha badala ya hayo?

Jawabu: Dhikri ni ibada, nayo hufanywa kwa kumtaka Mwenyezi Mungu, haifai kuipima kama kidonge, mtu akaiacha kwa kuwa mgongo haujapoa. Lakini moyo hutulia kwayo, na mwenye kuleta dhikri kwa pumzi ya utulivu amekusanya heri mbili.

Kazi ya nne ni usingizi. Alale na kuamka saa zile zile, asilale mchana kutwa, wala asilale na simu mkononi. Usiku mmoja wa kukesha huongeza maumivu ya siku ifuatayo.

Kazi ya tano ni ya watu wa nyumbani, maana subira si ya mgonjwa peke yake. Wasimdhihaki, na pia wasimnyang'anye kila kazi. Mama aliyekuwa akisonga ugali kwa watu wanane, akikatazwa hata kuchambua mboga, huona kuwa amezikwa akiwa hai. Apewe kazi ya kiasi chake, na asifiwe kwa alilofanya. Asiulizwe kila saa "unaumwa bado?", kwani suali hilo humrudisha mlinzi kwenye kelele zake. Na anayemzuru asikae mno, wala asihadithie jamaa yake aliyekufa kwa dalili kama hizo.

Kazi ya sita ni kujiwekea mpango wa siku ya kuzidiwa, maana siku hiyo haikosi kuja. Mpango uandikwe katika siku ya afya, kama alivyoshauri al-Balkhi: ni kazi gani itapunguzwa, nani atachota maji, ni mazoezi gani ya pumzi yatafanywa, ni dawa gani aliyopewa na tabibu. Mwenye mpango hapatwi na fazaa. Hujua kuwa hili ni wimbi, nalo hupita.

FASILI YA SITA: Ibada ya mwenye maumivu

Wengine huzidisha maumivu yao kwa kudhani kuwa sala haikubaliwi ila kwa kusimama. Sahaba Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, akamwuliza Mtume (s.a.w.), akafundishwa asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Wanavyuoni wa Kishafi'i wakaeleza kuwa kutoweza si lazima kuwe kupooza. Mashaka makubwa, au kuchelea ugonjwa kuzidi, humhalalishia kukaa katika sala ya faradhi. Na mwenye udhuru hapunguziwi thawabu zake. Basi anayesali juu ya kiti kwa udhuru wa kweli asitazamwe kwa jicho baya msikitini.

Ama saumu, mgonjwa anayedhurika kwa kufunga huruhusiwa kula, na akitarajiwa kupona hulipa. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidya, mudi moja ya chakula cha mji kwa kila siku. Na kwa kuwa maumivu haya mara nyingi hupungua, asijihukumie mwenyewe kuwa hatapona. Amwulize tabibu mwaminifu. Mwenye kuweza kufunga ampe tabibu khabari, dawa zake zipangwe wakati wa kufuturu na wa daku.

FASILI YA SABA: Mipaka ya tiba hii

Haifai kumwahidi mgonjwa lisilokuwapo. Mwaka wa 2020 wachunguzi walikusanya majaribio 75 ya tiba za nafsi kwa watu wazima wenye maumivu ya kudumu, waliokuwa zaidi ya 9,000. Katika njia ya kusahihisha mawazo na mwenendo, walikuta faida ya kweli katika maumivu, katika uwezo wa kufanya kazi na katika huzuni. Lakini faida hiyo kwa wastani ilikuwa ndogo. Basi mwenye kuuza tiba hii kama muujiza amedanganya, na mwenye kuitupa amepoteza. Kidogo kinachomwezesha mtu kulima matuta manane, kulala saa sita na kucheka na watoto wake, kwake si kidogo.

Njia hii haichukui mahali pa tabibu wa mwili. Na aende hospitali upesi mwenye moja ya haya: maumivu ya kifua au kukosa pumzi, homa isiyokatika, kiungo kilichovimba na kuwa chekundu na cha moto, miguu kulegea ghafula, au kushindwa kuzuia mkojo au haja, kukonda bila sababu, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Pia mwenye kujiwa na mawazo ya kujiua asiachwe peke yake, wala asiaibishwe. Huo ni ugonjwa unaotibika, na apelekwe kwa tabibu siku ile ile.

Dawa za kutuliza zinazonunuliwa dukani zina haki yake na zina madhara yake. Diklofenaki na ibuprofeni, zikinywewa kila siku bila shauri, zaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Na kuzidisha parasetamoli huharibu ini. Na unga usio na jina, unaosifiwa kuwa huondoa maumivu ya viungo kwa siku moja, mtu asiutie kinywani.

Tena wataalamu wa nafsi ni wachache, na wengi wako mijini. Walakini si kila kazi yangoja mtaalamu. Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaani kukaa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye huzuni kwa utaratibu maalumu. Jaribio lililochapishwa mwaka wa 2016 lilionyesha kuwa waliosikilizwa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kazi ile ilikuwa ya huzuni, si ya maumivu ya viungo. Lakini inafundisha kuwa mtu mzima mwenye hekima, akielekezwa vizuri, aweza kuwa dawa. Kila kijiji kina mabibi. Ni afadhali bibi kizee akae juu ya benchi akimsikiliza mgonjwa, kuliko kutajwa na mpiga ramli kuwa ndiye aliyemwua.

MASUALI YA KUPIMA WANAFUNZI

1. Kwa nini mlinzi wa kambi hasemi uwongo, ijapokuwa simba hayupo?
2. Taja dalili mbili kuwa ukubwa wa maumivu haupimwi kwa jeraha peke yake.
3. Ni tofauti gani iliyopo baina ya kusubiri na kunyamaza? Toa ushahidi wa Manabii wawili.
4. Mkulima amelima matuta thelathini siku njema, akalala siku tatu. Mpangie kazi ya wiki ijayo.
5. Ni nani asiyefaa kusukumwa kuongeza kazi, na kwa nini?
6. Ni dalili zipi zinazompasa mtu kwenda hospitali upesi?
7. Jirani amesema kuwa maumivu ya fulani yametokana na uchawi wa bibi mmoja. Mjibu kwa maneno ya somo hili.

Suali la saba ndilo kubwa kuliko yote. Mwanafunzi asiyeweza kulijibu na arudie somo tangu mwanzo, kwani huenda siku moja maisha ya mtu yakangojea jawabu lake.

Wallahu a'alam.